Komedi ya mapenzi, wanaume wawili, Mombasa: wakishalala pamoja ukurasa wa 14 hadithi inalegea

Daftari_la_Nyali anauliza:

Hamjambo wana-ukumbi. Ni skripti ya filamu ndefu, kurasa 92, komedi ya mapenzi. Faraj, miaka 31, ni karani kwa wakala wa forodha na anakaa na mamake Majengo. Deno, 28, hupiga picha za harusi na amepanga chumba kimoja Kisauni. Wanapatana kwenye programu ya simu, masharti yakiwa usiku mmoja, hakuna majina, hakuna kutafutana tena. Ukurasa wa 14 wameshalala pamoja. Kutoka 15 mpaka 60 wanakutana tena, wanalala tena, wananuniana, wanarudiana, na msomaji anaanza kuangalia saa.

Nataka wafikie kushikamana kweli, ila sitaki ile starehe ya mwanzo iwe dhambi ya kutubiwa ndipo wapewe mapenzi. Sitaki pia mmoja wao awe kikaragosi wa kubinua midomo ili watu wacheke. Na mwisho ndio umenishinda kabisa. Komedi za mapenzi huishia harusini, na hawa sina harusi ya kuwapa. Nifanyeje hapo katikati, na nifunge vipi?

---

KalamuYaTudor:

Komedi ya mapenzi hubebwa na swali moja ambalo mtazamaji analishika tangu mwanzo. Kwa kawaida swali ni "watapatana lini?", na kitanda huja mwisho au hakionekani. Wewe swali hilo umelijibu ukurasa wa 14 na hujampa mtazamaji jingine, kwa hiyo kurasa 46 zinazofuata zinatembea bila mzigo.

Lakini swali jipya unalo tayari mkononi: hakuna majina. Hao wawili wamevuliana nguo kabla ya kuambiana wanaitwa nani. Basi kuanzia hapo, kila tukio litoe kitu kimoja ambacho masharti yao yanakataza. Jina kwanza. Halafu nyumba, kazi, mama, deni, ugonjwa. Tukio ambalo halitoi kitu likate, hata kama lina mzaha mzuri.

Jina litolewe na M-Pesa. Deno amekwama Buxton saa saba usiku, matatu zimeisha, tuk-tuk anataka 300, naye hana. Anamwandikia yule "asiye na jina" pale kwenye programu, anampa namba. Faraj anatuma. Ujumbe wa Deno unamtajia aliyetuma, ujumbe wa Faraj unamtajia aliyepokea, majina ya kitambulisho kwa herufi kubwa. Kwa shilingi 300 masharti ya kwanza yamekufa pande zote mbili kwa sekunde moja, na hakuna aliyemwamulia mwenzake. Mpe Deno jina la kitambulisho la kuchekesha kidogo. Ajulikane kumbe ni Dismas. Uweke tukio hili ukurasa wa 20 hivi, usingoje zaidi.

Cha pili ni jina alilohifadhiwa nalo kwenye simu. Faraj hawezi kuandika "Deno" simu inayolala mezani kwa mamake, kwa hiyo ameandika "Fundi Friji". Simu inalia saa tano usiku, Faraj yuko bafuni, mama anaisoma skrini kisha anapokea: "Baba, njoo basi kesho, hili letu halishiki baridi tangu Ramadhani." Hapo umepata ukurasa wa 45, katikati ya filamu, na Deno anaingia nyumbani kwa mlango wa mbele akiwa na kisanduku cha vifaa alichoazima. Hajui friji. Mama anajua kidogo. Tukio hilo lipe kurasa saba au nane nzima, usilipunje.

Na lile jina kwenye simu ndilo kipimo chako cha mapenzi: Fundi Friji, halafu Fundi, halafu D, halafu Deno. Kila badiliko ni picha moja ya kamera, sekunde tatu, bila maneno. Wakigombana ukurasa wa 70, lirudi "Fundi Friji". Litauma kuliko matusi.

Kuhusu 15–60 hesabu ni rahisi. Ukurasa mmoja ni kama dakika moja ya filamu. Wakilala pamoja mara ya pili, tukio hilo lisizidi nusu ukurasa. Mara ya tatu usilionyeshe kabisa, onyesha asubuhi yake. Kwenye hadithi iliyoanzia kitandani, asubuhi ndiyo yenye hatari: nani anaondoka kabla ya jua, nani anaulizwa "utakunywa chai?" Mtu anayekubali mahamri na mbaazi kwa mtu asiyemjua ameshasema kitu, na anajua amekisema.

---

Mwana_wa_Kuze:

Yakhe, mimi nitasema lugha tu, kwa sababu waandishi wengi wa hadithi hizi huandika Kiswahili huku kichwani wakisikia lugha nyingine.

Kiswahili hakina "he" wala "she". "Nna mtu, yuanipenda, kesho yuaja." Mama asikiapo hivyo hajui ni mwanamume au mwanamke, na mwanawe hakusema uwongo hata chembe. Faraj aweza kumsimulia mamake mapenzi yake yote jikoni, kurasa tatu nzima, mama akimshauri vizuri kabisa, na siri haijatoka. Filamu za Wazungu zahitaji mhusika adanganye ndipo haya yawezekane. Wewe hapa wapewa bure.

Sasa, pale lugha inapofunga mlango ni kwenye ndoa. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Mama akiuliza "Waoa lini?" jibu lolote lenye kitenzi hicho litamchagulia Faraj upande. Yuko ukutani. Msikilize anavyojitahidi: "tutafunga", "tutakaa pamoja", "tutaoana" (hili la mwisho ndilo lasimama, kwa kuwa lafanya wote wawili kwa pamoja). Wataka ungamo la mapenzi lisilo la kuigwa? Deno amwambie usiku, gizani, "Mimi na wewe tungeoana," na Faraj, karani wa kupenda karatasi sahihi, anyamaze kidogo kisha aseme: "Angalau hicho kitenzi kinatuchukua."

Neno "shoga" lina mtego. Wanawake wa kwetu waitana hivyo mchana kutwa, shoga yangu huyu, shoga yangu yule, na watu wengine walitumia kwa maana unayoijua. Mzaha wa kuchanganya maana hizo mbili umeshachoka. Ukiutumia, mara moja tu, na aseme mama kwa jirani yake bila kujua, halafu kamera isimwangalie Faraj. Ukimwangalia umeeleza mzaha.

Jambo la kushikana mikono nalo waandishi hulikosea. Mombasa wanaume marafiki hushikana mikono njiani na hakuna anayegeuka kuangalia. Kwa hiyo kushikana mikono ufukweni Mama Ngina hakuonyeshi mapenzi wala ushujaa. Tafuta ishara nyingine. Wapo kwenye sinia la biriani harusini, watu watano, kila mtu anakula upande wake. Faraj, bila kuangalia, asukume pande la nyama hadi upande wa Deno. Hiyo ni adabu ya kumkirimu mgeni, watu wote waifanya. Afanye mara ya pili. Mara ya tatu mzee aliyekaa nao asimamishe mkono hewani. Basi, kata.

---

Kaskazi_Kusi:

Mimi nitajibu la starehe. Ukitaka isiwe dhambi wala tangazo la afya, ipe vitu na ipe mahali.

Mahali kwanza. Mombasa tatizo la usiku mmoja si kumpata mtu, ni mlango wa kuingilia. Faraj ana mama, na Deno ana chumba kwenye nyumba ya Kiswahili: mlango mmoja wa mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba pande zote mbili, choo nyuma. Kila anayeingia anapita mbele ya milango mitano na viatu vinavyohesabiwa. Gesti inataka kitambulisho na karani anayejua shangazi yako. Filamu ya Marekani ya 1999 iitwayo Trick ilijengwa juu ya kitu hiki kimoja tu: wanaume wawili New York wanatafuta chumba usiku kucha wasipate, na kule kuzunguka ndiko kunakowapendanisha. Kwako kuna sababu zaidi ya kufanya hivyo kuliko kule. Ningelisogeza tendo kutoka 14 hadi 19 na kurasa hizo tano nizijaze milango.

Tukio lenyewe liwe nusu ukurasa na libadilishe jambo moja. Chandarua kimefungwa kwa uzi kwenye misumari minne. Msumari mmoja unang'oka, chandarua kinawaangukia, wanajaribu kutoka bila sauti kwa kuwa ukuta haufiki darini. Wanacheka ndani ya mto. Waliingia wakiwa wageni, wanatoka wakiwa na siri ya kuchekesha pamoja. Hapo stima ikipotea na feni kusimama, wamebaki kwenye joto na bado hakuna anayetaka kuondoka. Huhitaji zaidi.

Vitu sasa, kwa kuwa watazamaji wako watakukagua. Usimpe Deno chupa ya mafuta ya nazi pamoja na kondomu. Najua inavutia kwa kuwa ni Pwani na chupa iko dirishani tayari, lakini mafuta yoyote, ya nazi au Vaseline, hudhoofisha mpira wa lateksi ndani ya dakika chache na kondomu hupasuka. Vilainishi viwe vya maji. Ukitaka mzaha, uwe huo huo: Faraj anainyooshea mkono chupa ya nazi, Deno anamshika kiganja, "Hiyo ni ya nywele," anafungua droo. Mistari miwili. Tumejua Deno ni mtu wa kujitunza na wa kumtunza mwenzake, na hakuna aliyehutubia.

PrEP, dawa ya kujikinga na VVU kabla ya kuambukizwa, nayo ni zawadi kwa mwandishi wa komedi. Ni kidonge kimoja kila siku, chupa ya vidonge 30, na inalia kama kayamba ukiitembeza. Kenya ilianza kuitoa rasmi 2017. Mama aikute chupa ya Faraj, asielewe maandishi, aamue mwanawe ana presha na anamficha. Hasemi kitu. Anaanza tu kumpikia bila chumvi. Kuanzia ukurasa wa 30 hadi 65 Faraj anakula chakula kisicho na ladha na hajui kwa nini, Deno anakula kwao siku ya friji na kumeza kwa heshima. Chumvi ikirudi kwenye mchuzi, mtazamaji ajue mama amejua ile chupa ni ya nini, na amekubali kuendelea kupika. Usimpe hotuba.

Kosa moja nimeliona kwenye skripti nyingi: mtu anayependa starehe anaadhibiwa kwa ugonjwa au kwa kuibiwa. Utapeli wa kwenye hizi programu upo, watu hunaswa na kutishwa ili watoe pesa, na si kitu cha kupitia kwa mzaha wa mistari mitatu. Ama ulipe tukio lake zito, ama usiliguse.

---

Mkeka_na_Mto:

Nakubaliana na wengi hapo juu ila mmelikwepa la kushikamana. Mnadhani kushikamana ni kuacha wengine wote. Kwa baadhi ndiyo, kwa baadhi sivyo, na komedi inachohitaji ni *mkataba* wowote unaoweza kuvunjwa mbele ya kamera. "Tuwe waaminifu" hakipigiki picha. "Anayelala nje atume ujumbe kabla ya saa sita" kinapigika picha. Wape masharti matatu ya namna hiyo, wayaandike nyuma ya risiti ya Naivas, na yavunjwe kuanzia dogo kwenda kubwa. La kwanza livunjwe kwa bahati mbaya (chaji imeisha). La pili kwa wema. La tatu kwa makusudi, ukurasa wa 70. Na lile la tatu lisiwe la kitanda hata kidogo. Faraj akimkana Deno mbele ya mtu wa kazini, "ni fundi tu," atakuwa amevunja kitu kikubwa kuliko kulala na mtu mwingine, na kila mtazamaji atalielewa, awe ameoa, ameolewa au yuko peke yake.

KalamuYaTudor:

Hapo tunatofautiana kidogo. Ukiruhusu mkataba wa wazi, yaani wa kulala na wengine pia, unahitaji kurasa za kuueleza, na kurasa ndizo huna. Kwa filamu ya dakika 90 ningewaacha wachague kuwa wawili tu na niende. Kwa mfululizo wa vipindi sita, sawa, upanue.

Mkeka_na_Mto:

Risiti moja haichukui kurasa. Ila lile la "fundi tu" tumekubaliana, naona.

Sasa mwisho. Harusi kisheria hakuna: Katiba, kifungu cha 45(2), inazungumzia ndoa ya watu wa jinsia tofauti, na vifungu 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyotumika dhidi ya ngono ya wanaume wawili, bado vipo, kifungo cha miaka 14 na cha miaka 5, baada ya Mahakama Kuu kukataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019. Na mwandishi wa komedi anapaswa kujua kilichoipata Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu ya wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana. Bodi ya Uainishaji wa Filamu iliipiga marufuku Aprili 2018, na moja ya mambo yaliyolalamikiwa ni mwisho wake kuwa na matumaini. Mtengenezaji aliombwa aubadilishe, akakataa. Septemba mwaka huo mahakama iliifungulia kwa siku 7. Kwa hiyo ile furaha ya mwisho ambayo aina yako ya hadithi inaidai ndiyo hiyo hiyo inayoleta matatizo. Amua mapema skripti hii inaenda wapi. Filamu na michezo ya jukwaani ina leseni yake chini ya Sura 222 ya Sheria za Kenya. Usomaji wa mezani na marafiki wanane sebuleni hauhitaji kamera wala bango, na ndipo utakapojua vichekesho vinafanya kazi au la.

Usijilinde kwa kumuua mmoja wao. Hiyo ni njia ya mkato, na imeshatumika mpaka imeota majani.

Mkimbio wa mwisho, ule wa kumwahi mpenzi uwanja wa ndege, uupeleke kwenye kivuko cha Likoni. Deno amepata kazi ya hoteli Diani, anavuka na begi. Faraj anakimbia. Raha ya kivuko ni kwamba kukimbia hakusaidii: wa miguu wote wanazuiliwa eneo la kungojea mpaka meli imalize kushusha, kisha geti linafunguliwa na wanaingia kundi zima. Faraj atafika anatiririka jasho na kumkuta Deno amesimama tu, na watasimama hapo pamoja. Halafu kuvuka kwenyewe, kama nusu kilomita ya maji, dakika kumi hivi, wamebanwa kati ya watu mamia, mama na kuku wake, kijana na mkokoteni wa madafu. Hawezi kusema wazi. Basi atoe simu, aiweke sikioni, aongee na mtu ambaye hayupo huku anamwangalia Deno. Hapo kile alichosema Mwana_wa_Kuze kinalipa: lugha haitaji jinsia, meli nzima inasikiliza, meli nzima inamuunga mkono. "Mwambie!" anasema mama mwenye kuku. "Amekujibu nini?" Na simu ya Deno ilie mfukoni kweli, Faraj aone yeye ameandikwa jina gani.

---

Daftari_la_Nyali:

Nimeelewa, na 15–60 naiandika upya kuanzia M-Pesa. Meli nimeichukua. Swali moja limebaki: tukio la friji. Deno anajifanya fundi, mama anamsimamia kichwani. Atafanya nini kwa dakika nane kinachoaminika? Sitaki mafundi waje kunicheka.

---

Baridi_Makupa:

Kazi yangu hiyo, nitakupa kwa mpangilio. Alichokiona Deno kwenye video usiku uliotangulia kinatosha kumbeba nusu ya tukio.

Achomoe plagi kwanza. Akisahau, mama amkumbushe, hapo tayari ana shaka naye. Alivute friji mbele, aangalie nyuma: zile bomba nyeusi za wavu zimejaa vumbi, na vumbi likijaa joto halitoki. Apanguse kwa brashi. Hilo ni kweli na mama ataridhika. Kisha mpira wa mlango: achukue noti, aifungie mlangoni, aivute. Ikitoka bila kukaza, mpira umelegea na baridi linavuja. Noti ya mia inatosha, ila hana, amwombe mama. Mpira uliolegea kidogo hukandwa kwa kitambaa cha maji moto ukarudi. Mpaka hapo Deno ni fundi bora Majengo.

Sasa aharibu. Friji nyingi za mlango mmoja zina kisanduku cha barafu cha alumini juu, na barafu ikizidi nusu sentimita friji halipoi vizuri. Njia sahihi ni kulizima, mlango wazi, bakuli la maji moto ndani, kungoja saa mbili tatu. Yeye hana saa tatu. Anachukua kisu. Alumini hiyo ni nyembamba na njia za gesi zimepita ndani yake. Ncha inaingia, inasikika *sssss* kama soda iliyofunguliwa, sekunde kadhaa, halafu kimya. Hakuna atakayeelewa isipokuwa Deno, kwa sababu video ilimwambia usitumie kisu.

Friji lililokuwa baridi kidogo sasa limekufa kabisa. Kuziba tundu la alumini na kujaza gesi upya kunahitaji fundi wa kweli na pampu ya kuvuta hewa, na mara nyingine kisanduku kizima hubadilishwa. Deno hana pesa hiyo, analipa kwa awamu, na kila Jumamosi anakuja na kidogo na anakaa kula. Hiyo ndiyo sababu yake ya kurudi nyumbani kwa mama, bila Faraj kumwalika.

Angalia kibandiko nyuma ya friji utakalotumia kupigia picha. Kikisema R134a, gesi hiyo haishiki moto, ila ikigusa mwali hutoa moshi wa sumu, kwa hiyo jiko lisiwashwe kando. Kikisema R600a, gesi hiyo inashika moto: madirisha yafunguliwe, na mtoe jiko kwenye tukio.